Maswali Yenu: Vitabu vya Mtumba, Harufu na Mgongo Uliopasuka

SWALI: Mhariri habari yako, mimi si msomaji sugu, nikimaliza kitabu kimoja kwa miezi mitatu najipongeza, lakini tangu nianze kupita soko la Kibuye Jumapili nimejikuta nainama kwa wale wa kutandaza vitabu juu ya gunia, hamsini hamsini, mia mia, na sasa niko navyo kumi na saba kwa nyumba. Kimoja ukurasa wa kwanza mtu ameandika kwa wino kwamba anampa mwenzake zawadi ya harusi, 1978, na mimi nimekichukua kwa bei ya chapati mbili, nikasikia vibaya kidogo. Kingine kina muhuri wa maktaba ya Uingereza. Kingine mwanafunzi fulani amepiga mistari mpaka neno "na" limepigiwa mstari, sijui alikuwa anatafuta nini. Kurasa zote zimegeuka rangi ya chai. Mimi hiyo harufu naipenda, mke wangu anasema ni ukungu na nitaletea watoto kifua. Nani yuko sawa? Na mbona vitabu vya shule vya watoto wangu vinapasuka mgongo kabla muhula uishe na hivi vya kitambo viko imara? Halafu kuna pesa hapo? – Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Omera, nyinyi wote wawili mnaweza kuwa sawa, kwa sababu harufu ziko mbili. Karatasi ya bei rahisi hutengenezwa kwa mti na ndani yake kuna kitu kinaitwa lignini, sasa hiyo ikipata hewa na mwanga miaka mingi inabadilika rangi, ndiyo hiyo chai yako. We acha gazeti kwa dirisha la jua wiki mbili tu utaona. Lignini hiyohiyo ikivunjika inatoa harufu tamu tamu, na kati ya vinavyotoka hapo kuna vanilini, ile ya vanila ya keki. Hiyo nusa tu, haina shida. Ya mke wako ni ile kama nguo zilizosahaulika kwa beseni usiku, hiyo ni ukungu kweli, na nyinyi mko karibu na ziwa, hewa ina unyevu. Fungua kitabu utafute madoa ya unyoya unyoya, meupe ama ya kijani. Ukiyaona, kitenge mbali na vingine, kikaushe kivulini penye upepo kikiwa kimesimama na kurasa zimeachana, halafu upeleke nje ukipanguse na brashi kavu, si kwa kitambaa chenye maji tafadhali, na watoto wasiwe hapo. Harufu ikibaki, kifungie kwa katoni pamoja na kibakuli cha bekingi soda siku kadhaa, ila isimwagikie kurasa.

Kama ni wadudu, funga kitabu kwa nailoni kabisa ukiweke kwa friza wiki moja hivi. Ndiyo, friza, na mama atapiga kelele.

Mimi mwenyewe sina haki ya kufundisha mtu. Nilikuwa na boksi la vitabu chini ya kitanda hapa Nakuru, halijaguswa miaka, siku moja nikavuta kimoja kava ikabaki mkononi peke yake, ndani ni udongo mkavu tu, mchwa walikuwa wamekula kutoka chini wakaacha nje vizuri kabisa kama mtu amewalipa. Tangu hapo hakuna kitabu kinakaa sakafuni kwangu wala kugusa ukuta.

Mambo ya mgongo: kishike kitabu juu uangalie pale kurasa zinaingia kwa mgongo. Ukiona vifungu vifungu vilivyokunjwa, na katikati ya kifungu uzi, hicho kimeshonwa. Vingi vya sasa kurasa zimekatwa moja moja zikapakwa gundi, gundi ikikauka inakatika, na mtoto akikilaza kitabu wazi juu ya meza akikikandamiza na kiwiko ndiyo basi. Usikimbilie selotepu, baada ya muda inageuka njano inaacha nata.

Pesa? Umri peke yake haulipi. Muhuri wa maktaba kwa kawaida unashusha bei, na wewe uliza kama kuna muhuri mwingine wa kuonyesha kimeondolewa kwa rafu, maana bila huo labda kilitembea tu. Kujua umri ni rahisi: namba ya ISBN, ile ya kutambulisha kitabu, ikiwa ni ya tarakimu 10 peke yake, huenda kilichapwa kabla ya 2007, maana mwaka huo ndiyo zikawa 13. Isipokuwepo kabisa, huenda ni cha kabla ya miaka ya 70.

Hicho cha harusi ukisome na uache hayo maandishi. Chini yake andika jina lako, Kibuye, na mwaka. Yule wa kupiga mstari "na" mimi pia amenishinda.

SWALI: Niko na vitabu vya kidato vya 8-4-4, ule mfumo wa masomo wa Kenya unaoondolewa, tele, vya mtoto aliyemaliza. Naskia vitakosa soko, niweke ama niuze? – Mama wawili, Kakamega

JIBU: Uza, mama, tena haraka. KCPE ya mwisho, ule mtihani wa kumaliza msingi, ilikuwa 2023, na hao walioingia kidato cha kwanza 2024 ndio wanafunga KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ya mfumo huo 2027, baada ya hapo utauzia nani, labda wa kufungia njugu. Wakati mzuri ni Januari shule zikikaribia kufunguliwa. Kamusi na riwaya usiziuze na hizo, ziweke kando, na ung'oe jalada la gazeti alilovalisha kwanza, wateja wanataka kuona kava.