Akropolisi, ngome, boma, husuni: majibu ya maswali yenu

Akropolisi ni jina la kile kilima cha Athens au ni neno tu?
Ni neno tu la Kigiriki, akros ni kilicho juu kabisa na polis ni mji, basi mji wa juu. Miji mingi ya Ugiriki ya kale ilikuwa nayo, Korintho wana Akrokorintho ya mita 575 hivi, Lindos kule Rhodes wanayo pia, ila ya Athens ndo staa.

Kwa Kiswahili niandike ngome au boma?
Ngome inafaa kama unaongelea ulinzi. Boma sawa, ila wengi watawaza ng'ombe au ofisi ya DC. Kasri hapana, hilo ni jumba la mtawala. Husuni nalipenda sana ila siku hizi nje ya Kilwa hulisikii. Sasa shida yote haya hayakwambii kitu kiko juu, inaweza kuwa tambarare kabisa, ndo maana mi naandika ngome ya kilimani, nimemaliza.

Mbona Athens naona mahekalu tu, ngome iko wapi?
Matumizi yalibadilika. Karne ya 13 KK palizungushiwa ukuta wa mawe makubwa balaa, na upande wa kaskazini wakashusha ngazi ndani ya ufa wa mwamba mpaka kwenye maji, maana ukizingirwa huko juu bila maji umekwisha. Baadaye pakawa pa miungu, Waajemi wakapachoma 480 KK, halafu enzi za Perikles, kiongozi wa Athens, likajengwa hekalu la Parthenon, 447 mpaka 432 KK. Ila ungome haukuisha! 1687 Waosmani, yaani Waturuki, walikuwa wamejificha humo na baruti wameiweka ndani ya Parthenon, Wavenisi, watu wa Venisi kule Italia, wakapiga mzinga, paa likaruka lote.

Kwani Parthenon si ndo Akropolisi?
Hapana jamani, hilo ni hekalu moja tu juu ya kilima.

Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani nayo tuiite akropolisi?
Mi nisingeiita. Iko kwenye mwinuko unaotazama bahari, na jina limetoka kwenye neno la Kiarabu la ngome, lakini lilikuwa kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, karne ya 14, lina hadi bwawa la kuogelea la pembe nane, na mji wenyewe ulikuwa kando huko, haukuzunguka chini yake. Ukitaka yenye sura ya ngome nenda jirani hapo Husuni Ndogo, ina ukuta mnene na minara.