Maswali ya Wasomaji: Injini ya Meli ya Tani 31 Itafikaje Kigoma?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na ndugu zangu wawili tuna karakana eneo la Kizota, Dodoma, na tumepata kazi ya kufunga injini katika meli ya mizigo mjini Kigoma. Tumeona injini iliyotumika, pamoja na giaboksi yake, huko Uholanzi. Muuzaji anasema kwamba ikiwa juu ya kitanda chake cha chuma ina urefu wa mita 6.2, upana wa mita 2.7, kimo cha mita 3.3 na uzito wa tani 31, na ametupa bei ya FOB Rotterdam, yaani ya mzigo uliokwisha kupakiwa melini huko Rotterdam. Tunakusudia kuishusha kwanza Kizota tuifanyie matengenezo, kisha tuipeleke Kigoma. Je, tulipe? – Msomaji, Kizota.

JIBU: Ndugu msomaji, usilipe bado. Bei ya injini na nauli ya baharini ndiyo mambo yanayoonekana kwanza, lakini mzigo wa namna hii husumbua zaidi ukiwa nchi kavu, tena kwenye hatua ya mwisho. Kwa hiyo anza hesabu yako Kigoma, pale kando ya meli, uirudishe nyuma hatua kwa hatua mpaka Rotterdam.

Jiulize ni winchi ipi itakayoinyanyua injini hiyo kutoka kwenye trela na kuiingiza katika meli. Winchi inayoitwa ya tani 50 hubeba tani hizo mkono wake ukiwa mfupi na mzigo ukiwa karibu nayo. Kadiri mkono unavyonyooshwa ndivyo uwezo unavyopungua, na meli ikiwa mbali kidogo na mahali winchi ilipokanyaga, tani 31 zinaweza kuwa nje kabisa ya uwezo huo. Mwombe mwenye winchi jedwali lake la uwezo kwa kila umbali, wala usiridhike na namba iliyoandikwa ubavuni. Muuzaji naye akupe mchoro unaoonyesha sehemu za kuinulia na mahali uzito ulipoegemea, maana injini yenye giaboksi upande mmoja haina uzito sawa pande zote, na anayeifunga minyororo kwa kukisia huipindua.

Ukishajua hilo, tazama barabara. Trela la kawaida lina sakafu yenye kimo cha takriban mita 1.5, hivyo injini yako juu yake ingefika mita 4.8, na hapo nyaya za umeme na madaraja ya waenda kwa miguu vinakuwa hatari ya kweli. Utahitaji trela la chini, lile madereva wanaloliita lobedi. Kwenye sakafu ya takriban mita 0.9 jumla inashuka hadi mita 4.2. Upana wa mita 2.7 unazidi kiwango kinachoruhusiwa bila kibali, kwa hiyo kibali cha mzigo usio wa kawaida kiombwe mapema, kabla meli haijatia nanga. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na kila kundi la ekseli lina kikomo chake pia. Kichwa cha gari na lobedi pekee vinaweza kupita tani 20. Ongeza tani zako 31, uone jinsi nafasi iliyobaki ilivyo ndogo kabla ya kufika mizani ya Vigwaza, Mikese na hapa Nala.

Ndiyo maana siafiki kuishusha Kizota. Kila unyanyuaji unahitaji winchi yake, malipo yake na hatari yake, nanyi mnataka kuongeza miwili isiyo ya lazima. Ni rahisi zaidi kuwapeleka mafundi wenu Kigoma na vifaa vyao kuliko kushusha na kupakia tena tani 31 njiani.

Njia nyingine ni kuupunguza mzigo wenyewe. MV Liemba, ambayo wengi wetu tunaijua kama meli ya Ziwa Tanganyika, ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kufungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli iliyopita hapa hapa Dodoma hadi Kigoma, ambako iliungwa upya na kuingia majini mwaka 1915. Ninyi hamhitaji kufika huko, lakini mwulizeni muuzaji kama giaboksi inaweza kutenganishwa. Ulinganifu wake na injini mtaupima upya kwa vyovyote mtakapoifunga melini, na vipande viwili vyepesi vinawapa uhuru wa kuchagua winchi, gari, au hata behewa. Mkichagua reli ya zamani, msipange safari ya masika bila kuuliza hali ya njia kati ya Kilosa na Gulwe, ambako mafuriko yamekata reli mara nyingi.

Baharini, injini hii haiingii katika kontena la kawaida, ambalo ndani lina upana wa takriban mita 2.35. Italazimika kuwekwa juu ya flati raki, yaani kontena lisilo na kuta za pembeni wala paa, au kupakiwa yenyewe kama shehena isiyo ya kontena. Kwenye flati raki itachomoza juu na pembeni, na mwenye meli atakudai malipo ya nafasi za jirani ambazo hataweza kuzitumia, kwa hiyo linganisha bei zote mbili. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kontena lolote, flati raki ikiwemo, halipakiwi melini bila uzito wake uliothibitishwa. Tani 31 za mdomoni hazitoshi.

Neno FOB nalo halimalizi mambo. Linamtaka muuzaji aufikishe mzigo melini, lakini haliko wazi kuhusu nani anayelipia kuufunga usicheze safarini, na kwa mzigo kama huu ufungaji ni gharama kubwa. Liandikeni katika mkataba. Mkitumia flati raki, masharti ya FCA, yaani muuzaji kumkabidhi msafirishaji mzigo mahali mlipokubaliana, yanafaa zaidi, kwa kuwa mzigo hukabidhiwa kwenye yadi ya bandari na si melini. Ulizeni pia kama utabebwa juu ya sitaha. Ukiandikwa hivyo kwenye hati ya shehena, kanuni za kimataifa za Hague, zinazohusu wajibu wa msafirishaji wa baharini kwa mzigo, hazimbani kama kawaida, na kampuni ya bima lazima ijulishwe. Mafuta yaondolewe, matundu yote yazibwe dhidi ya chumvi, na mbao za kuegemezea ziwe na muhuri wa kuthibitisha kwamba zilipashwa nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 ili kuua wadudu.

SWALI: Mzigo wa jirani yangu ulifika salama, lakini aliambiwa aweke dhamana kwanza kwa sababu meli ilipata ajali njiani. Je, ni haki? – Msomaji, Chamwino.

JIBU: Ndiyo, ni haki, na ni ya kale sana. Nahodha akitoa kafara sehemu ya mali au akiingia gharama isiyo ya kawaida ili kuiokoa safari nzima, wenye mizigo wote huchangia kulingana na thamani ya mali zao zilizosalimika, na mzigo hauachiliwi mpaka dhamana iwekwe. Meli ya Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez mwezi Machi 2021, wenye mizigo waliitwa kuchangia kwa utaratibu huu. Aliyekata bima ya baharini huiachia kampuni ya bima iweke dhamana hiyo. Asiye nayo hutafuta fedha mwenyewe huku gharama za kuhifadhi mzigo bandarini zikiendelea kuhesabiwa kila siku.