Walitaka daftari, nikawapa na kiti

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: "Je, uko tayari kuiachia serikali sehemu ya faragha yako ili nchi iwe salama?" Mimi ni wakala wa laini na pesa za simu hapa Mtwara. Siri za watu zinapita mkononi mwangu kila siku, basi niruhusuni nijibu kwa kirefu kidogo.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, foleni ya kibandani kwangu ilifika barabarani. Muda ulikuwa uishe Desemba, Rais Magufuli akaongeza siku ishirini. Walionitoa jasho ni akina mama wabangua korosho. Mafuta ya maganda yamewala ngozi ya vidole, unajaribu gumba, unajaribu cha shahada, mashine inakataa. Bibi mmoja aliniuliza, "Mwanangu, hao wanaotaka vidole vyangu wananidai nini?" Nikacheka, nikamwambia ni kwa ajili ya kuwanasa matapeli. Niliamini hivyo. Wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wapo hadi leo, na laini zao zimesajiliwa, tena kwa vidole vya watu wengine.

Sasa kisa changu. Siku moja walikuja wanaume wawili waliovaa kiraia, wakajitambulisha kuwa ni askari, wakataka daftari la miamala. Kuna namba walikuwa wanaitafuta. Sikuomba kitambulisho wala karatasi. Nilisema "karibuni wakubwa", nikawapa daftari na kiti. Walipiga picha kurasa kadhaa wakaondoka. Kwenye kurasa hizo kulikuwa na majina ya watu wasiopungua hamsini.

Baadaye nikamuuliza kijana mmoja aliyesoma sheria kama ningeweza kukataa. Akanionyesha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 32: kwa ajili ya upelelezi, mkuu wa kituo cha polisi anaweza kumwamuru mtu mwenye taarifa azitoe. Mkuu wa kituo, si hakimu. Maana yake hata ningedai karatasi, ingetoka kwa walewale wanaotafuta. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda mawasiliano binafsi ya kila mtu, ila mlinzi huyo hakuwepo kibandani siku ile. Wenye JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, walikwenda mahakamani kukipinga kifungu hicho cha 32 wakashindwa. Desemba 2016 mmoja wa waanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa, akashtakiwa kwa kuzuia upelelezi baada ya kukataa kutaja walioandika humo. Yeye alikuwa na kifua cha kukataa. Mimi nilitoa kiti.

Wazee hapa mtaani wananiambia kuchunguzwa si jambo geni, balozi wa nyumba kumi alijua mgeni wako amelala siku ngapi. Ni kweli, na enzi hizo kulikuwa na sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi, kwa hiyo sizililii. Lakini balozi ulimjua kwa jina na kwa mlango. Akikuzushia, mkewe atakusikia kisimani. Aliyepiga picha daftari langu nitamfuata wapi?

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, yenye sharti. Nitatoa taarifa ya mteja mmoja, kwa hati yenye sahihi ya hakimu, inayotaja namba moja na kosa moja. Daftari zima, hapana. Najua nasema haya kwa ujasiri wa mtu aliyeketi na kalamu, askari hawapo mlangoni.

Mwenye namba ile waliyoitafuta bado ni mteja wangu. Huja Jumamosi kumtumia mama yake hela, anaandika jina daftarini, anatia sahihi, tunataniana kidogo mambo ya Simba na Yanga. Sijamwambia.

Wakala, Mtwara