Paka wa kisukari na glargine ya binadamu: bomba, chakula na namba za wiki za mwanzo

Umesema paka dume wa kilo 5, daktari wa mifugo kamwandikia glargine (insulini ya kufanya kazi muda mrefu) uniti 1 asubuhi na uniti 1 jioni, duka la dawa likakupa kalamu ya insulini na mabomba ya sindano usiyoyaelewa, na nyumbani anakula ugali kwa dagaa. Anza na mabomba, kwa sababu hapo ndipo paka huzidishiwa dozi bila mtu kujua.

Glargine ya binadamu ni U-100: mililita 1 ina uniti 100. Insulini za mifugo kama Caninsulin na ProZinc ni U-40. Kila moja ina bomba lake. La U-100 mara nyingi lina kifuniko cha rangi ya machungwa, la U-40 chekundu, ila usiamini rangi, soma maandishi ubavuni mwa bomba. Ukivuta glargine kwa bomba la U-40 hadi alama ya 1, umechukua uniti 2.5, na kwa paka hiyo ni dozi ya kumwangusha. Tafuta la U-100 la 0.3 ml lenye alama za nusu uniti. Yale ya 1 ml yaliyojaa madukani mara nyingi kila mstari ni uniti 2, kwa hiyo uniti 1 unaikadiria kwa jicho.

Kalamu za kawaida za glargine hazina nusu uniti. Ndiyo maana wafugaji wengi huchoma sindano ya bomba kwenye mpira wa kalamu na kuvuta humo. Inafaa, mradi usisukumie hewa ndani, na kalamu hiyo usirudi kuitumia kama kalamu, maana vipovu vitapotosha kipimo. Usiichanganye na maji wala insulini nyingine. Glargine ni angavu kama maji. Ikiwa na ukungu, tupa.

Ihifadhi kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu. Iliyoganda haifai hata ikiyeyuka. Umeme ukikatika saa chache usihangaike, kwani ikishafunguliwa huvumilia joto hadi nyuzi 30. Tatizo ni mchana wa Februari pale Dar au Mombasa: iweke kwenye chupa ya chai yenye maji baridi, ndani ya mfuko wa plastiki, isiguse barafu.

Chakula ndicho watu hukichukulia kirahisi. Ugali na wali hupandisha sukari ya paka, kwa hiyo ni kweli viondolewe. Lakini ukiviondoa siku ile ile unayoanza sindano, sukari itashushwa na vitu viwili kwa mpigo, na ile uniti 1 inaweza kuwa nyingi. Mwambie daktari unabadilisha chakula, kisha badilisha polepole huku unapima. Cha kopo chenye nyama laini kinafaa kuliko cha punje kavu. Dagaa waoshe chumvi. Nyama tupu kila siku haimtoshi, haina kalisi ya kutosha.

Sindano ni kila baada ya saa 12. Mpe chakula kwanza, mchome akiwa anakula. Akikataa chakula au akitapika, usimpe dozi kamili, mpigie daktari. Chomea ubavuni au karibu na nyonga, ukibadilisha upande; ukosini damu hupita kidogo na dawa hunyonywa ovyo. Inua ngozi, ingiza sindano chini ya mkunjo, sukuma. Manyoya yakilowa na kunuka dawa, nyingine imemwagika nje. Hapo USIRUDIE. Kukosa dozi moja ni jambo dogo mbele ya kupewa mbili.

Kupima: pasha sikio joto kwa kitambaa, paka vaselini nyembamba ukingoni ili tone lisitawanyike, toboa ukingo wenyewe. Mashine ya binadamu mara nyingi husoma chini kuliko sukari halisi ya paka, kwa hiyo tumia ile ile kila siku ili namba zilinganishike. Pima kabla ya kila sindano, na siku ya kwanza kila baada ya saa 2 hadi 3. Kabla ya sindano ikiwa chini ya 11 mmol/L (200 kwa mg/dl), usichome mpaka umeongea na daktari. Katikati ya dozi, kiwango cha chini kabisa kikiwa 4.5 hadi 8, vizuri. Aliyezoea kisukari cha binadamu atataka 5 saa zote; paka haendeshwi hivyo, hofu peke yake humpandishia sukari. Namba kubwa ya siku moja si sababu ya kuongeza. Subiri siku 5 hadi 7, na nyongeza iwe nusu uniti, kwa idhini ya daktari.

Akiyumba, akilegea, akilia njaa ghafla au akitetemeka, au ukisoma chini ya 3.5, ni sukari imeshuka. Kama anaweza kumeza, mpe chakula mara moja. Kama hawezi, paka asali au glukosi kwenye ufizi kwa kidole, usimmiminie mdomoni atapaliwa, kisha kimbia kwa daktari. Akizinduka endelea kupima, maana insulini bado imo mwilini na inaweza kumshusha tena.

Kutapika, kutokula na kuishiwa nguvu huku sukari iko juu ni dharura nyingine: huenda ana ketoni, tindikali ambazo mwili hutoa ukichoma mafuta kwa kukosa insulini. Vijiti vya kupima mkojo huzionyesha. Zikionekana, usingoje kesho. Mwambie daktari pia kama amewahi kupewa steroidi (dawa za kutuliza uvimbe na mwasho) kwa ajili ya ngozi, kwani zenyewe huweza kuleta kisukari kwa paka.

Na baada ya wiki kadhaa, namba zikianza kuwa ndogo kabla ya sindano bila wewe kubadilisha kitu, usichome uniti ile ile kwa mazoea. Kuna paka ambao kongosho huamka, hasa waliotibiwa mapema, na insulini hupunguzwa hatua kwa hatua hadi kuachwa. Peleka daftari lako la namba kwa daktari wiki hiyo hiyo.