Seva ya maktaba: Windows, Debian au Ubuntu? Majibu kwa wasomaji wa Kusini

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu Koha, programu ya bure ya kuendesha maktaba iliyoanzia New Zealand na kuanza kutumika huko Januari 2000. Nimeyafupisha, na majina ya vyuo nimeyaondoa.

Chuo chetu kimepata kompyuta mpya yenye Windows. Fundi anasema ataweka Koha humo humo bila kufuta kitu. Inawezekana? (Mkutubi, Masasi)

Mwulize kwanza ana maana gani. Koha haina toleo la Windows. Watengenezaji wake hutoa vifurushi vya kuiweka kwenye Debian na Ubuntu, ambazo ni aina mbili za mfumo endeshi wa Linux, na nyuma yake kuna vitu vinavyotegemeana: lugha ya Perl, Apache inayotoa kurasa za wavuti, hifadhidata ya MariaDB, na Zebra inayofanya kazi ya kutafuta vitabu. Huenda fundi anataka kuweka Linux ndani ya Windows kwa kutumia VirtualBox, programu inayounda kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta. Hilo linawezekana, na kwa kujifunzia ni zuri kweli. Kwa maktaba inayoazimisha vitabu kila siku silipendi. Siku Windows itakapoamua kujisasisha na kujiwasha upya saa nne asubuhi, wanachuo watakuwa wamepanga foleni mbele yako.

Kinachowatisha wengi ni kudhani wafanyakazi wote watalazimika kujifunza Linux. Hapana. Linux inakaa kwenye seva tu, yaani ile kompyuta moja inayohudumia nyingine zote. Wewe mezani unabaki na Windows yako, unafungua Chrome au Firefox, unaandika anwani ya seva, unaendelea na kazi. Hata skana ya bakodi haijali, maana kazi yake ni kuchapa namba kama kibodi inavyochapa.

Debian au Ubuntu? Kila ninayemwuliza ana lake. (Lindi Mjini)

Zote mbili zinafaa, na ubishi wenu wa hapo ofisini hauna haja ya mshindi. Kama hakuna aliyezoea yoyote, chukua Debian ya stable, yaani toleo lililokwisha kutulia: ni nyepesi, na maelekezo mengi ya Koha yameandikwa kwa kuifuata. Kama kijana wa TEHAMA aliye karibu nawe anatumia Ubuntu kila siku, weka Ubuntu. Afadhali mfumo ambao mtu wa Lindi anaweza kuja kuunyoosha mchana huo huo kuliko ule unaosifiwa na mtu asiyepokea simu.

Ila ukichukua Ubuntu, iwe LTS, yaani toleo linalohudumiwa kwa muda mrefu. Hizo hutoka Aprili ya miaka inayogawanyika kwa mbili, kama 22.04 na 24.04, na hupata masasisho ya usalama kwa miaka mitano. Matoleo ya katikati huhudumiwa miezi tisa tu, muda usiotosha hata kumaliza kuingiza vitabu vyenu. Na usikimbilie toleo lililotoka wiki iliyopita. Angalia kwanza kama watu wa Koha wameshaliweka kwenye orodha ya mifumo wanayoihudumia.

Nimeweka Debian, lakini naona skrini nyeusi yenye maandishi tu. Nimekosea? (Tandahimba)

Hujakosea. Seva haihitaji madirisha na picha, vinakula RAM bure. Koha utaifungua kwenye kompyuta nyingine.

Juzi umeme ulikatika. Seva iliwaka vizuri, lakini Koha haifunguki kwenye kompyuta yoyote. Fundi anashauri tubadilishe mfumo endeshi. (Mtwara Mjini)

Msibadilishe chochote kwanza. Nenda kwenye seva yenyewe, ingia, andika `ip a`, usome anwani inayotokea. Nashuku si ile mliyoizoea. Umeme ulipokatika ruta nayo ilizimika, na iliporudi ikagawa anwani upya, kwa hiyo kompyuta zenu zinabisha hodi kwenye nyumba aliyohama mwenyewe. Dawa ni kuipa seva anwani ya kudumu. Na mnaponunua UPS, ile betri ya kushikilia umeme unapokatika, ruta nayo ichomekwe humo. UPS nyingi zina kebo ya USB. Ichomekeni kwenye seva, kisha muweke programu kama NUT, ili betri ikikaribia kuisha seva ijizime yenyewe kwa utaratibu. Kuzimika ghafla ndiko kunakoumiza hifadhidata.

Sasa jambo ambalo hukuuliza, nami naliona kubwa kuliko hilo. Koha iliyowekwa kwa vifurushi vya Debian hujitengenezea nakala rudufu kila siku na kuziweka kwenye `/var/spool/koha`. Kazi hiyo imo kwenye ratiba ya kila siku ya cron, programu ya Linux inayoanzisha kazi kwa saa zilizopangwa, ambayo kwa kawaida huanza saa 12:25 asubuhi. Ofisi zetu jioni huzima kila kitu, na swichi ya ukutani juu yake, kisha huwasha saa mbili. Saa 12:25 seva imelala. Nakala haitengenezwi, na hakuna anayeambiwa. Fungua folda hiyo leo, utazame tarehe za mafaili. Ukikuta ni za zamani au hamna kitu, weka anacron, ambayo hufanya kazi zilizopitwa mara mashine inapowaka. Au iache seva iwake usiku kucha.

Hata zikitengenezwa, usipobadilisha mpangilio hubaki nakala za siku mbili tu. Kosa lililofanyika Ijumaa mkiligundua Jumatatu, nakala safi imeshafutwa. Kila wiki nakilini moja kwenye diski ya nje, na diski hiyo ilale chumba kingine.

Seva yetu ina CentOS 7 tangu zamani na haisumbui. Kuna haja ya kuhama? (Newala)

Ipo. CentOS 7 nayo ni Linux, lakini masasisho yake yalikoma tarehe 30 Juni 2024, na Koha haitoi vifurushi vya CentOS, kwa hiyo kila toleo jipya lazima mtu alijenge kwa mkono. Msifute ya zamani. Toeni hifadhidata yote kwa `mysqldump`, muipakie kwenye Debian mpya iliyo kwenye mashine nyingine, muache Koha ipandishe muundo wake. Kisha wakutubi walinganishe: wanachama wangapi, vitabu vingapi, vipi vimeazimwa. Hesabu zikilingana, hamieni siku ya likizo.

Tukodi seva ya mtandaoni tuachane na mambo ya UPS? (Kilwa Masoko)

Mkikodi, fundi wa mbali anatunza kila kitu, na msomaji anatafuta kitabu akiwa nyumbani. Lakini kumbukeni tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Siku kama ile seva iliyo ndani ya jengo inaendelea kuazimisha kwa kebo za ndani kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi ningeweka hapo hapo Kilwa, mbali na dirisha linalopokea upepo wa bahari, maana chumvi hula vyuma vya ndani, na nakala rudufu nizitume nje kila usiku. Kama hamna hata mtu mmoja wa kuihudumia, kodini.

Shule yetu ina vitabu kama mia sita na kompyuta moja ya RAM GB 2. Tuweke Koha? (Mwalimu, Nachingwea)

Hapana, Mwalimu. Kwa RAM hiyo itawatesa, na kwa vitabu mia sita jedwali la Excel au LibreOffice linatosha. Mkitaka programu, jaribuni SLiMS ya Indonesia. Ni nyepesi, na inaendeshwa kwa PHP na MySQL hata juu ya Windows. Mkibaki na jedwali, kila safu wima ibebe jambo moja: mwandishi peke yake, mwaka peke yake, ISBN peke yake, namba ya nakala peke yake. Likiwa hivyo, siku mkipata seva, programu ya MarcEdit italigeuza kuwa rekodi za MARC, muundo wa kumbukumbu za vitabu unaotumiwa na maktaba, ambazo Koha inazipokea, na hamtachapa upya hata kitabu kimoja.