Fundi Anajibu: Pikipiki Kwenye Maji, Upepo na Radi

Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na zikija huja kwa kishindo. Kiangazi nacho kina upepo wake. Barua za safari hii zinagusa vyote viwili.

Nilivuka drifti (kivuko cha zege kinachopitiwa na maji juu yake) upande wa Bahi, maji yakafika juu ya ekzosi, injini ikazima katikati. Nilipoisukuma hadi nchi kavu kiki ikawa ngumu, haishuki. Nifanyeje nisiue injini? (Dereva wa bodaboda, Bahi)

Kiki ikigoma namna hiyo, acha kuikanyaga papo hapo. Usibonyeze stata, wala usiombe vijana wakusukume. Hewa hubanwa, maji hayabanwi. Pistoni ikilazimishwa kupanda wakati silinda ina maji, kinachopinda ni konrodi, yaani mkono wa chuma unaoishika pistoni, na ubaya wake ni kwamba pikipiki inaweza kuwaka leo ikaanza kugonga baada ya siku kadhaa.

Zima swichi, toa plagi, weka gia huru, kisha kanyaga kiki taratibu mara kumi na tano hivi. Maji yatarushwa kupitia tundu la plagi, kwa hiyo usiinamie hapo. Futa plagi na kofia yake ndani na nje. Fungua chujio la hewa: la sponji likamue na kulianika, la karatasi likilowa tafuta jipya. Legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta umwage kilichomo, kwa sababu maji hutulia chini ya petroli na ndiyo yanayovutwa kwanza.

Sasa tazama oili kabla hujawasha. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage yote. Injini nyingi za cc 125 na 150 huchukua takriban lita moja. Weka mpya, washa kwa dakika tano bila kuvuta mafuta sana, zima, kagua tena. Ikiwa bado imepauka, mwaga mara ya pili. Tunajua lita mbili kwa siku moja zinauma, lakini beringi za injini zikisagwa na oili yenye maji utalipa mara nyingi zaidi ya hapo.

Na kuhusu kuvuka kwenyewe, ndugu yetu, maji yanayokimbia yakifika kwenye habu ya gurudumu, yaani kama sentimita 30, usiingie hata kama mwenzako amepita. Makorongo yetu ya mchanga hujazwa na mvua iliyonyesha vilimani, hivyo maji yanaweza kuja huku juu yako jua linawaka. Yakiwa ya rangi ya tope huwezi kuona kama ukingo wa zege umechimbwa. Mengi hupungua ndani ya saa chache. Subiri, na abiria akilalamika mwache alalamike.

Mwezi Agosti nikienda Kondoa na mzigo, upepo hunisukuma hadi nje ya lami. Nikielekea Mtera hali ni tofauti. Kwa nini? (Msafirishaji, Dodoma Mjini)

Upepo wa kiangazi kwetu huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Ukielekea Kondoa, yaani kaskazini, unakupiga kulia, unakupeleka kushoto kwenye changarawe. Ukipishana na lori, lori hulikinga pigo hilo kwa sekunde moja, nawe umeinama kulia kupambana nalo, kwa hiyo unavutwa kuelekea lori. Likishapita pigo hurudi kwa nguvu yote. Ukielekea Mtera, yaani kusini, unapigwa kushoto, unasukumwa kwenye mstari wa kati, na hii ndiyo hatari zaidi. Huko kaa karibu na ukingo wa kushoto wa njia yako.

Punguza mwendo hadi kilomita 50 kwa saa au chini. Bana tangi kwa magoti, legeza mikono. Anayekaza usukani huhamishia kila pigo kwenye gurudumu la mbele. Mzigo usizidi urefu wa mabega yako, kwani magunia mawili yaliyosimama hushika upepo kama tanga. Ukiona kisulisuli kinakatiza barabara, simama kipite.

Breki za nyuma hupotea kabisa baada ya dimbwi. Nibadilishe breki shuu? (Msomaji, Kongwa)

Si lazima. Maji yameingia kati ya shuu na habu. Ukitoka dimbwini, kanyaga breki kidogo huku unaendelea kuvuta mafuta, kwa mita 50 hadi 100, joto litakausha. Zikikawia kurudi hata baada ya hapo, fungua habu, safisha tope, pima shuu. Kumbuka pia dakika za mwanzo za mvua: vumbi la miezi saba likichanganyika na oili ya magari juu ya lami huteleza kuliko baada ya nusu saa ya mvua kubwa.

Radi ikinikuta njiani, mbuyu unafaa? (Mwanafunzi, Chamwino)

Haufai, wala mti mwingine wowote uliosimama peke yake. Tairi za mpira pia hazikukingi. Hesabu sekunde kati ya mmweso na ngurumo, gawa kwa tatu upate kilomita; zikiwa chini ya sekunde 30 tafuta nyumba yenye kuta au gari lenye bodi ya bati, ukae humo hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Ukikosa vyote, iache pikipiki, sogea mbali nayo, shuka sehemu ya chini isiyo korongo, chuchumaa miguu ikiwa pamoja. Usilale chini.