Kabla Hujaandika "Kawaida"

Wadogo zangu mnaoanza mafunzo kwa vitendo kwenye vituo vya afya hapa Tanga, nanyi wahudumu wa afya ngazi ya jamii mliokabidhiwa mzani na utepe kwa mara ya kwanza, kazi mtakayoifanya mara nyingi kuliko zote ni kupima uzito na urefu na kutafuta uwiano wake, ile BMI ya kwenye kadi. Kazi hii huachiwa mgeni kwa kuwa haina sindano wala dawa, na foleni ikifika mlangoni ndiyo ya kwanza kufanywa chapuchapu. Naomba msiifanye hivyo. Magonjwa mengi hujitaja kwenye mzani mapema, kabla mgonjwa mwenyewe hajajua la kulalamikia, na wa kwanza kusikia ni wewe uliyesimama pale na kalamu.

Hesabu ni nyepesi. Chukua kilo, gawa kwa urefu wa mita, kisha jibu uligawe tena kwa urefu uleule. Simu ya kitochi inatosha. Mama mwenye kilo 76 na urefu wa mita 1.60: 76 gawa kwa 1.60 ni 47.5, gawa tena kwa 1.60 unapata 29.7. Wanaokosea hugawa mara moja tu wakaishia hapo, au huingiza sentimita 160 badala ya mita 1.60. Mipaka ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa mtu mzima ishikeni kichwani: chini ya 18.5 ni uzito pungufu, 18.5 hadi 24.9 uzito wa kawaida, 25 hadi 29.9 uzito uliozidi, na kuanzia 30 kiribatumbo. Aliye chini ya 16 amekonda kupita kiasi, na huyo asiondoke kituoni bila kuonwa na tabibu siku hiyohiyo.

Sasa mtazameni tena mama yule wa 29.7. Kama alipimwa na viatu, au nywele zake zimesukwa zikakusanywa utosini, huenda urefu wake wa kweli ni 1.57. BMI yake basi ni 30.8 na amehamia kundi jingine kabisa kwa sentimita tatu. Kwa hiyo viatu vivuliwe, visigino, makalio na mabega viguse ukuta, macho yatazame mbele sawasawa, na kibao kishuke hadi kiguse fuvu. Baibui, mkoba, simu na funguo viwekwe pembeni kabla ya kupanda mzani. Na hapa pana adabu yake. Usimwambie mwanamke avue ushungi barazani mbele ya foleni. Mtafutie chumba, au pazia, na kama wewe ni mwanamume mwombe dada wa zamu akusaidie. Mteja aliyeaibishwa kwenye mzani hatarudi, na yule asiyerudi hatutajua kilichompata.

Mzani nao una mambo yake. Uwekwe juu ya sakafu ngumu, usiwe juu ya mkeka wala zulia, na kabla ya kazi usome sifuri. Kila wiki upime kitu chenye uzito unaojulikana. Lita 20 kamili za maji ndani ya dumu ni kilo 20 ukijumlisha na uzito wa dumu tupu, na maji hayakosekani kituoni. Mzani unaodanganya kilo mbili kila siku ni hatari kuliko mzani uliokufa kabisa, maana uliokufa hakuna anayeuamini.

Ni vizuri pia mjue kipimo hiki kimetoka wapi, kwa sababu asili yake inaeleza udhaifu wake. Hakikutungwa na daktari. Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyekuwa mtaalamu wa hisabati na nyota, ndiye aliyeona katika miaka ya 1830 kwamba uzito wa watu wazima huongezeka takriban sawa na urefu uliozidishwa kwa urefu huohuo. Alichokuwa akitafuta ni mtu wa wastani katika jamii nzima. Hakuwa na mgonjwa mbele yake. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972, pale Mmarekani Ancel Keys na wenzake walipolinganisha vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000 wa nchi kadhaa na kuona kanuni hiyo ya zamani inafaa kukadiria mafuta ya mwili. Wanaume peke yao. Kwa umati namba hii inasema kweli: wenye BMI kubwa, kwa jumla yao, huugua zaidi kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu, kiharusi, maradhi ya moyo, magoti, na baadhi ya saratani kama ya mji wa mimba. Lakini wewe umekaa na mtu mmoja, bibi wa Makorora au kijana wa Deep Sea aliyetoka kushusha samaki, na kwake yeye BMI inakupa swali la kuanzia tu.

Swali ninalotaka liwakae kuliko yote ni hili: uzito huu ulikuwa ngapi mara ya mwisho?

Tuseme mama muuza samaki, urefu wake 1.58, alikuwa na kilo 78. BMI yake ilikuwa 31.2. Leo ana kilo 61 na BMI ni 24.4. Kwenye jedwali amehamia safu ya kawaida, na mtu asiyefunua kurasa za nyuma ataandika "kawaida", pengine atampa na hongera. Kumbe mama huyu amepoteza zaidi ya sehemu moja ya tano ya mwili wake. Kama hakukusudia kupungua, kuna jambo: kifua kikuu, VVU, kisukari kilichoachwa bila dawa, saratani, majonzi makubwa, au nyumbani chakula hakitoshi na hajamwambia mtu. Mtu mzima aliyepungua asilimia 5 au zaidi ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kutaka anastahili kuchunguzwa, awe na BMI ya 33 au ya 20. Kwa mwenye kilo 80, asilimia 5 ni kilo 4 tu.

Wengi watakuja bila kadi ya zamani. Usikate tamaa, mwili una ushahidi mwingine. Uliza kama nguo zimelegea, kama pete inacheza kidoleni, kama mkanda umetobolewa tundu jipya. Uliza kikohozi, homa za jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka. Uliza kiu isiyokatika na kuamka usiku kwenda haja ndogo mara nyingi. Ulizeni haya faragha na kwa sauti ya chini. Mitaani kwetu mtu akikonda husemwa, na yapo majina ya ugonjwa ambayo majirani humpachika kabla hajapimwa chochote. Ndiyo maana wengine huvaa nguo mbilimbili na kuapa kwamba wako salama. Mpe nafasi ya kusema bila kusikiwa na benchi zima.

Upande wa pili wa udhaifu wa BMI ni kwamba haitofautishi msuli na mafuta, wala haijui mafuta yamekaa wapi. Mbeba mizigo wa bandarini mwenye urefu wa 1.72 na kilo 82 ana BMI ya 27.7, jedwali linamwita aliyezidi. Kiuno chake ni sentimita 84, presha yake nzuri, siku nzima ananyanyua magunia. Mwenye duka wa barabara ya pili ana urefu wa 1.70 na kilo 70, BMI 24.2, jedwali halina neno naye. Mtazame vizuri: mikono myembamba, miguu myembamba, kitambi mbele, kiuno sentimita 98. Huyu wa pili ndiye ninayetaka apimwe sukari leo. Mafuta yanayojikusanya ndani ya tumbo, kuzunguka ini na matumbo, ndiyo yanayovuruga kazi ya insulini na kupandisha presha.

Utepe wa kiuno basi usikae kwenye droo. Upite katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi au nguo nyepesi kabisa, mtu akishatoa pumzi kwa kawaida bila kuvuta tumbo ndani. Kwa wanaume hatari huanza kuongezeka juu ya sentimita 94 na kuwa kubwa juu ya 102, na kwa wanawake ni 80 na 88. Ukiwa kijijini bila utepe, pima urefu wa mtu kwa kamba, ikunje kamba katikati ibaki nusu, kisha mzungushe nayo kiunoni. Ncha zisipokutana, kiuno chake kimezidi nusu ya urefu wake, naye anahitaji kupimwa presha na sukari. Na haya si mawazo yangu peke yangu. Januari 2025 jopo la wataalamu wa kimataifa, katika jarida la The Lancet Diabetes & Endocrinology, lilishauri kiribatumbo kisiamuliwe kwa BMI tupu bali kithibitishwe kwa kiuno au kwa kupima mafuta yenyewe, isipokuwa kwa aliyepita BMI ya 40. Kwa ndugu zetu wenye asili ya Bara Hindi, ambao familia zao ziko Tanga vizazi na vizazi, msingoje hata BMI ya 25. Wataalamu walioitishwa na WHO walieleza mwaka 2004 kwamba watu wa Asia hufikiwa na hatari mapema, wakaongeza alama za 23 na 27.5.

Wapo ambao jedwali la watu wazima haliwahusu kabisa. Mjamzito usimwainishe kwa uzito wa leo; tumia uzito wake wa kabla ya mimba kama upo, na mzunguko wa mkono kati ya bega na kiwiko. Mtoto chini ya miaka mitano ana kadi yake ya ukuaji, na kuanzia miezi 6 utepe wa mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5 ana utapiamlo mkali. Wa miaka 5 hadi 19 wana majedwali ya WHO ya umri na jinsia. Mzee aliyepinda mgongo, urefu wake wa ukutani si wa kweli. Mnyooshee mikono yote miwili pembeni upime kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, utapata makadirio yaliyo karibu. Na msisahau matende na mabusha, ambayo huku mwambao tunayajua vizuri. Mguu uliovimba una kilo zake, na maji ya mwenye figo au moyo mbovu yana kilo zake. Bonyeza mguu kwa kidole kabla ya kuamini mzani. Chini ya uvimbe ule mtu anaweza kuwa amekonda vibaya sana.

Namna ya kusema nayo ni sehemu ya kipimo. Kwa wazee wetu wengi mwili mnene ni dalili ya kutunzwa, na mke aliyekonda ni fedheha kwa nyumba nzima. Ukimtamkia bibi "wewe mnene sana", umemsifu au umemtukana, lakini hujamfundisha. Anza na shikamoo. Kisha: "Bibi, leo una kilo 76. Kwa urefu wako zimezidi kidogo, na magoti na presha ndiyo yanayobeba. Utaniruhusu nikuulize unavyokula na kazi zako?" Msikilize. Usimkatie wali wa nazi siku ya kwanza, hatakuelewa. Mara nyingi kilichojaa ni chai yenye vijiko vitatu vya sukari asubuhi na jioni, maandazi na vitumbua vya kuisindikiza, soda ya mchana, na mafuta ya kukaangia. Punguzeni hapo pamoja. Bada, yaani ugali wa muhogo, kwa samaki na mchicha ni chakula kizuri, kinachozidi ni kipimo cha sahani.

Na mpe lengo dogo linalofikika. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wenye watu 3,234 waliokuwa ukingoni mwa kisukari, uliwawekea lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Waliofuata mpango huo walipata kisukari kwa asilimia 58 pungufu kuliko wasiopewa. Kwa mwenye kilo 80, asilimia 7 haifiki kilo 6. Pengine BMI yake itabaki palepale juu ya 25, na jedwali litaendelea kumwita aliyezidi, ilhali afya yake imebadilika kweli. Mwambie hivyo mapema, asije akavunjika moyo.

Mkiandika, andikeni kilo na sentimita zenyewe pamoja na tarehe, isiwe BMI peke yake, na mtaje kama mteja hakuweza kuvua nguo nzito au amefunga. Ramadhani uzito wa alasiri na ule wa baada ya futari haufanani. Kisha mpeni na yeye karatasi yake yenye namba hizo. Watu wa mwambao husafiri: leo yuko Chumbageni, mwezi ujao yuko Pemba au Mombasa kwa ndugu zake, na daftari la kituo chako halitamfuata huko.